Mji wa Plastiki wa Bula Iftin

Yakub Dekow alikuwa stesheni masta kwenye kituo kidogo cha reli ya zamani, kule kati ya Voi na Kibwezi. Mkewe Arbia alibaki Garissa, mtaa wa Bula Iftin, na Awil, mtoto wao wa pekee. Kila Yakub alipopata likizo alishuka basi akiwa amebeba boksi lililofungwa kwa kamba. Wenzake walirudi nyumbani na mablanketi na sukari. Yeye alirudi na nyumba.

Zilikuwa nyumba za plastiki, za kupanga kandokando ya treni za kuchezea, zilizotengenezwa Ujerumani tangu Yakub mwenyewe akiwa mtoto. Fundi mmoja Mgoa aliyekuwa akihamia Kanada ndiye aliyemwachia stoo nzima ya maboksi hayo, na mengi hayakuwa yamefunguliwa. Ndani, vipande vilikuwa bado vimeshikana kwenye fremu zake: kuta, madirisha, mabomba ya moshi, ngazi zisizozidi njiti ya kiberiti. Ulivikata kwa wembe, ukavisugua kwa msasa, ukavipaka gundi na kuvishikilia bila kupumua sana, na ukuta ukasimama.

Reli haijawahi kufika Garissa. Awil alipokuwa mdogo aliamini kwamba baba yake ndiye anayeijenga, na kwamba mji ule wa juu ya plaiwudi ukikamilika, treni itakuja yenyewe.

"Aabo, mbona paa zao zimesimama hivi?" alimuuliza baba yake siku moja.

"Ili theluji iteleze ianguke."

"Theluji ni nini?"

Yakub alimpeleka dukani kwa Noordin, akamwomba afungue friza, akakwangua barafu nyeupe ya pembeni na kuiweka kwenye kiganja cha mtoto. Awil aliibeba mbio kumpelekea mama yake. Alipofika, mkono ulikuwa umelowa tu, lakini Arbia alitazama akasema ameiona.

Hivyo ndivyo baba na mwana walivyojuana, likizo kwa likizo, vichwa vimeinamiana juu ya meza yenye harufu ya gundi. Arbia aliuza maziwa ya ngamia kwenye soko la Suq Mugdi, na akirudi alilalamika kwamba ndani hakuna pa kuweka sinia. Hata hivyo hakuwahi kuigusa ile plaiwudi.

Reli mpya ilipoanza, treni ya zamani ya abiria ilisimama na Yakub akarudishwa nyumbani. Wakati huo Awil alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyejua majina yote yaliyoandikwa ubavuni mwa maboksi yale. Alisomea umeme chuoni, akamaliza, akazunguka na vyeti vyake hadi Wajir bila kupata kazi. Kisha asubuhi moja kitanda chake kilikutwa kimetandikwa. Alikuwa ameondoka na rafiki yake, Abdisamad, kufuata njia wanayoiita tahriib: kupita jangwani, kuvuka bahari, kutafuta Ulaya.

Alipiga simu mara moja tu, kutoka Libya.

"Hooyo, nisamehe," alimwambia mama yake. "Nikifika nitapiga tena."

Aliyepiga tena ni Abdisamad, akiwa Italia. Alilia kabla ya kusema lolote, na Arbia akaelewa. Boti ilijaa maji. Abdisamad alishika dumu. Awil alikuwa ameshika upande wa pili wa dumu hilohilo, halafu hakuwepo.

Msikitini walimswalia swala ya asiye mbele yao, kwani hapakuwa na mwili. Majirani walikuja na themosi za chai, wakasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, wakakaa, wakaenda. Baada yao nyumba ilibaki na watu wawili wasiosemezana.

Arbia hakulia mbele ya mumewe. Siku moja tu, akiosha vibuyu vya maziwa, alisema bila kugeuka, "Wewe ndiye uliyemwonyesha kule."

"Vijana wangapi wameondoka mji huu, Mama Awil? Hao wengine hawajawahi kuona nyumba hizi."

"Hao wengine sikuwazaa mimi."

Yakub mwenyewe alikuwa akijiuliza hilohilo kila alipopita mbele ya meza ile.

Alasiri ya Jumatatu moja alirudi kutoka msikitini akakuta meza tupu. Mji wote ulikuwa uani, umerundikwa juu ya mchanga: kanisa, kiwanda cha mbao, nyumba za ghorofa zenye vyungu vya maua madirishani. Arbia alikuwa amekwisha kumwaga mafuta ya taa. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake.

Yakub hakumzuia. Alichuchumaa taratibu, kwa magoti yake ya uzee, akachomoa jengo la stesheni kutoka kwenye rundo na kulifuta kwa pindo la kikoi.

"Niachie hili moja."

"La nini?"

Yakub alilielekeza kwenye jua. Juu ya paa, karibu na bomba la moshi, gundi ilikuwa imeganda na kuacha alama ya kidole gumba, kidogo kabisa, mistari yake yote ikionekana.

"Alikuwa darasa la pili," Yakub alisema. "Nilimgombeza. Nilimwambia ameharibu paa."

Arbia alilichukua jengo lile. Aliweka gumba lake juu ya alama ile, likaifunika yote. Alililaza shavu lake pale, plastiki ikanuka mafuta ya taa, na sauti ikamtoka ambayo mumewe hakuwahi kuisikia katika miaka yao yote.

Alipotulia alisema, "Tutafute nyingine."

Walikaa kwenye mkeka wakapitia nyumba moja baada ya nyingine, wakizigeuza kwenye mwanga. Nyingi hazikuwa na kitu, kwa sababu Yakub alikuwa mtu wa mkono safi. "Hii yako," Arbia alikuwa akisema, kama anayemshtaki, na kuirudisha kwenye rundo. Walipata alama kwenye ukuta wa kanisa, na nyingine, ya kidole kikubwa zaidi, chini ya ngazi ya kiwanda. Hizo walizitenga.

"Na hizi?" Yakub aliuliza, akionyesha rundo.

"Hizi hazina mtu."

Yakub alichukua kiberiti akakiwasha mwenyewe. Paa zilijikunja, kuta zikainama, moshi mweusi ukapanda juu ya mabati. Jirani yao Hawo alipiga kelele ng'ambo ya ua kwamba wanamharibia nguo alizoanika.

Baada ya hapo walianza kuongea tena, ingawa si sana. Miezi ilipita. Abdisamad alifika Ujerumani, na Arbia, ambaye hakuwa amewahi kumuuliza neno, alimpigia.

"Hizo nyumba zipo kweli?"

"Zipo, eedo," alijibu, akimwita shangazi kwa heshima. "Ndogo ndogo, paa zimesimama, maua madirishani. Naziona dirishani mwa basi nikienda kusoma lugha."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Kwenye kontena, nyuma ya ghala. Tuko wengi."

"Watu wa nyumba hizo wakoje?"

"Sijui, eedo. Sijaingia hata moja."

Arbia alimwambia avae nguo nzito na asiache kula. Alipokata simu, Yakub aliuliza, "Anasemaje?"

"Hajapata chumba." Alikunja ncha ya shela yake. "Awil angepata?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina hilo tangu msiba.

"Sijui," Yakub alisema.

Alivuta kiti chake karibu na mkeka wa Arbia. Jua lilikuwa bado kali nje, na maziwa ya jioni hayajaletwa, na wakakaa hivyo wakimwongelea mtoto wao.