Kilomita Chache za Gari Jekundu

Gari lilikuwa jekundu kiasi cha kuumiza macho. Lilisimama katikati ya yadi ya manispaa, limezungukwa na pikipiki zilizong'olewa magurudumu na madawati yaliyovunjika miguu, likawa kama bwana harusi aliyepotea njia akajikuta gulioni.

"Dada, njoo uone maajabu!" mdogo wake aliita kutoka kwenye kiti cha dereva. "Umri wake sawa na wa mwanangu mkubwa, lakini kilomita zenyewe hata teksi huzimaliza kabla mwaka haujaisha. Wazimamoto hawakulitumia hili. Walilipamba tu."

Dada alisogea karibu. Walikuwa wamekuja kulipima kabla mnada haujaanza, walinunue walifanye gari la kuuzia maji majumbani. Mdogo mtu angetoa akiba yake. Dada angeuza duka lake la vyombo vilivyokwisha tumika, pamoja na kila kilichomo. Kutaja bei aliachiwa yeye, maana jicho lake lilisifika. Akikosea, hakuwa na pa kwenda ila chumba cha wageni nyumbani kwa huyo huyo mdogo wake, angojee kupewa hela ya sabuni.

Jicho lenyewe halikuwa na uchawi. Rangi hakuitazama, kwa kuwa rangi hupakwa. Alitazama pale mikono na miguu ya watu inapogusa: mpini wa droo, ukingo wa meza, kanyagio la cherehani. Hapo ndipo chombo humsimulia maisha yake.

Mdogo wake akashuka kumpisha, naye akapanda. Mipira ya pedali bado ilikuwa na mifereji yake. Usukani haujalainika. Moyo ukamchangamka. Kisha akashuka, akazunguka ubavuni, akafungua kibati kinachofunika pampu, na moyo ukarudi nyuma. Vishikio vyote vilikuwa vimemenyeka rangi, chuma kimelainika kama kijiko cha zamani. Kidato cha chini kilikuwa kimebonyea kwa viatu vya watu. Akarudi kwenye pedali. Akarudi kwenye vishikio. Mbele lilikuwa kigoli, ubavuni lilikuwa ajuza.

"Isije ikawa haya ni magari mawili yaliyounganishwa," alisema.

Mdogo wake akacheka hadi akashika tumbo. "Dada, hili ni gari, si shuka la viraka!"

Mzee mwenye funguo za yadi, aliyekuwa dereva wa gari hilo kabla ya kustaafishwa, alisogea. "Ni moja, mama. Nimeliendesha tangu siku lilipoletwa."

"Sasa mbona huku jipya, huku limechakaa?"

"Mji wenyewe mdogo huu. Unawasha king'ora, hujameza mate umefika. Kazi inaanza hapo, gari limesimama. Injini hiyo hiyo ndiyo inayosukuma maji, inanguruma mpaka kunakucha. Na pasipokuwa na moto, kila asubuhi tuliliwasha tukazungusha maji, yanatoka tangini yanarudi tangini, huku tunakunywa chai. Kipimo cha kilomita kinafuata magurudumu, mama. Magurudumu yalikuwa yametulia."

"Kwa hiyo limechoka?"

Mzee akakuna kidevu. "Injini inayowashwa kila siku huweza kuwa nzima kuliko iliyolazwa. Au imekwisha. Usiniulize mimi, nalipenda mno."

"Mzee anatuchanganya bure," mdogo mtu alidakia. "Kuchoka ni kwenda, bwana! Mimi niliyezunguka na malori miaka yote ile ndiye niliyechoka. Dada alikaa tu nyumbani na marehemu mama, ndiyo maana hata mvi hana." Akampigapiga begani kwa upendo, kama alivyozoea.

Utani huo dada aliucheka kila ndugu walipokutana. Leo kicheko kilimfika mdomoni kikagoma kutoka. Alikumbuka uzito wa mama yake wakati wa kumgeuza, kitandani hadi bafuni, bafuni hadi kitandani, na mashuka ambayo hayakukauka kabla mengine hayajalowa. Akavitazama vishikio, kisha viganja vyake. Hakujua tena alikuwa akipima nini.

Kipaza sauti kikakoroma. Dalali alitangaza kwamba sasa ni zamu ya gari la zimamoto, na watu wakaanza kusogea.

"Bei, dada! Taja bei!"

Alipiga hesabu. Kama ni jipya, kitita ambacho mdogo wake alikuwa tayari kukitoa kilikuwa kama bei ya bure. Kama limekwisha, hata nusu yake ingekuwa kujitia kitanzi. Na kama ni yote mawili kwa pamoja, bei ya kitu kama hicho huitwaje?

"Mzee, liwashe," alisema.

Mzee akapanda, injini ikanguruma. Vumbi likatetemeka chini ya matairi.

"Lisogezwe basi tulione likienda!" mdogo wake alipaza sauti.

"Hapana. Liache hapo hapo. Mzee, fungulia pampu."

Mngurumo ukawa mzito. Ndani ya bati maji yakaanza safari yake ya kuzunguka.

"Dada, watu wanatungoja!"

"Wangoje. Na wewe njoo hapa."

Alisogea, uso umejaa maswali. Dada akaushika mkono wake, akaubandika ubavuni mwa gari kando ya mkono wake mwenyewe. Bati lilikuwa na joto. Wakasimama hivyo, dalali akiita, wala hawakugeuka.

"Unasikia nini?" mdogo wake aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Bado," alisema dada. "Bado nasikiliza."