Folda Tupu ya Sidsel

Sidsel alikuwa amekata shauri: mradi mpya utaanza na folda tupu. Hatanakili mradi wa zamani, hata mstari mmoja.

"Tupu?" Troels aliuliza, mdomo umejaa mkate. "Dada, una wazimu? Nakili ule wa zamani, badilisha jina, kwisha habari!"

Troels alikuwa fundi mzuri, hilo tusimnyime, ila uvivu wake aliuita uzoefu. Ofisi yao ndogo mjini Aarhus, Denmark, ilianza kila mradi hivyohivyo, wa leo unarithi madhambi yote ya jana. Safari hii Sidsel alikataa katakata. Programu ilikuwa ya wakeshaji, watu wa kujitolea wanaokaa na mgonjwa anayekata roho asiye na ndugu karibu. Muuguzi anabonyeza, seva inatuma ujumbe, mkeshaji anakuja kumshika mgonjwa mkono. Baba yake Sidsel alikufa peke yake, binti akiwa safarini, kwa sababu ujumbe wa kumwita mkeshaji ulikwama ndani ya mtambo huohuo ambao Troels alitaka kuunakili. Uchungu huo haukuwa umemtoka, na hakutaka umtoke.

"Basi kila mtu alete wake Ijumaa, tukinywa kahawa," bosi wao Bodil aliamua. "Utakaowaka kwenye kompyuta yangu kwa amri moja ndio tutakaoujenga."

Sidsel akaingia kazini. Alisimamisha seva ndogo, akaipa hazina ya data yenye watu wa kubuni, akaandika majaribio kabla ya kazi yenyewe. Funguo za siri, zile zinazoiruhusu seva kutuma ujumbe kwenye simu za watu, aliziweka nje ya mradi, kila mashine iwe na zake. Troels alikuwa amemaliza zamani, anapiga mluzi.

Ijumaa mradi wa Troels ukawaka mara moja. Wa Sidsel ukatapika maandishi mekundu ya makosa.

"Kwangu unafanya kazi," ilimtoka, akajichukia papo hapo.

"Basi tuwapelekee wauguzi kompyuta yako!" Troels akacheka hadi akashika mbavu.

Sidsel alitamani ardhi ipasuke. Lakini kuacha? Thubutu! "Bodil, nipe mpaka chakula cha mchana," alisema. Akafuta mipangilio yote ya mradi kwenye mashine yake, kisha akafuata maelekezo yake mwenyewe kama mgeni aliyeajiriwa asubuhi ile. Hapo akaliona kosa: anwani ya hazina ya data ilikuwa kwenye mashine yake tu, hakuiandika popote. Akaiandika, akamtumia Bodil.

Troels, kichwa kimeshavimba, alikuwa bado anajionyesha. "Tazama, bosi, naita mkeshaji. Chumba cha nne, njoo upesi." Akabonyeza.

Haukupita muda mrefu, simu ya ofisi ikalia. Bodil akaweka sauti ya juu.

"Ni mimi Agnete, mkeshaji," sauti ya mwanamke mzee ilisema, anahema. "Niko ndani ya basi, wanangu, nakuja. Ujumbe ulikuwa na namba hii, ila haukusema jina. Anayekufa anaitwa nani? Sitaki nimshike mkono nikimwita 'wewe'."

Looh! Troels alibadilika rangi. "Funguo za zamani," alinong'ona. "Nimezinakili pamoja na vyote. Ujumbe umeenda kwa watu wa kweli."

Sidsel akaichukua simu.

"Mama Agnete, hakuna anayekufa. Ni kosa letu, tulikuwa tunajaribu mtambo. Tusamehe sana."

"Hakuna mtu? Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Agnete akiwa bado kwenye simu, Bodil akaizima seva ya Troels, akaandika amri moja kuwasha mradi wa Sidsel, nao ukawaka bila neno jekundu hata moja. Akamtazama Sidsel, akatikisa kichwa kukubali. "Tunajenga huu," alisema. Troels hakubisha. Alivuta kiti chake mpaka kwenye meza ya Sidsel, akakaa.

"Basi, nashukuru kwamba hakuna," Agnete alisema hatimaye. "Lakini niambie, mwanangu. Siku mkiniita tena, nitajuaje kwamba ni kweli? Nikibaki nyumbani nikidhani mnajaribu, je?"

Sidsel alimwona baba yake, peke yake kitandani.

"Sijui bado, mama," alijibu. "Lakini sitakuita kabla sijajua."