Mti Palipo na Kinyozi

Mchoraji wa rangi za maji huiogopa nyeupe kuliko rangi nyingine zote, kwa sababu haipakwi. Ni karatasi yenyewe, unaiacha wazi. Ukuta mweupe ukishaufunika kwa kijani, ndiyo imetoka hiyo, hata ulie machozi ya damu. Mchoraji wetu aliyajua hayo kwa miaka ishirini, na bado aliufunika.

Msanifu majengo alimpa kazi ya kuchora mtaa utakavyokuwa baada ya mradi: maghorofa, vibaraza, madirisha, vivuli vya alasiri. Penseli ilipofika pembeni, kwenye kijiduka cheupe, msanifu aliweka kidole.

"Hapa weka mti."

"Hapa ni kwa mdogo wangu, kinyozi."

"Kwenye mpango hayupo. Ila bado hatujatangaza, kwa hiyo chunga ulimi." Kisha akamwambia kwamba picha itatundikwa ukumbini, na kwamba tangu azaliwe hajaona mkono mtulivu kama ule.

Sifa zina ubaya wake. Zilimvimbisha kichwa mwanamke mzima, akachovya brashi kwenye kijani.

Alijiambia mti wa karatasi haubomoi nyumba ya mtu. Alijiambia pia kwamba atamweleza mdogo wake kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Miezi minne ikapita. Kila akipita pale dukani chai ilimpalia, na mdogo wake alimpigapiga mgongoni akimtania kwamba uzee umeanzia kooni.

Siku ya mkutano wa wakazi kuhusu mradi, picha ilibandikwa ubaoni ukumbini, bila kioo. Watu walisukumana kutafuta madirisha yao, mmoja akifurahi kwamba hata pazia lake limo. Mdogo wake naye akapenya. Mtaa ulimwita Mkasi, kwa ulimi wake zaidi kuliko kwa kazi yake.

"Dada, mbona umenisahau?" aliuliza akicheka. "Hata choo cha soko umekichora, mimi wa tumbo moja sionekani."

Watu wakaangua kicheko. Msanifu akakohoa. "Hakukusahau, bwana. Pale patakuwa bustani. Duka lako litabomolewa. Notisi zinatoka wiki hii."

Kicheko kikakatika. Mkasi alimgeukia msanifu, si dada yake.

"Mipango yenu ni yenu, tutaonana huko mbele. Lakini usimsingizie dada yangu. Huyu amenibeba mgongoni. Angejua, ningejua. Hapo kapitiwa tu. Dada, toa brashi uwarekebishie."

Afadhali angemtukana. Mchoraji aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, lakini mkono ulishaingia mkobani. Alilowesha brashi kwa maji ya kunywa, akausugua mti mbele ya mtaa mzima. Kijani kikachuruzika hadi kwenye barabara ya pichani, karatasi ikaanza kutoka nyuzi kama nywele, na mti ukabaki palepale, mchafu zaidi.

"Sugua tu, Dada," Mkasi alisema. "Haraka ya nini?"

Mchoraji akaishusha brashi. "Haitoki. Na sikupitiwa. Niliambiwa, nikakubali, nikanyamaza."

Ukumbi mzima ulimsikia. Mkasi alimpa mgongo msanifu. Alimtazama dada yake, akautazama mti, akarudi kwake.

"Uliambiwa lini?"

"Mwezi wa tatu, mwanzoni."

Midomo ya Mkasi ilitikisika kidogo, kama ya mtu anayehesabu kimoyomoyo.

"Mwezi wa tatu mwishoni ndipo nilipong'oa sakafu," alisema taratibu. "Nilikuita uje uone. Nikakuuliza kama niweke vigae au nisubiri. Ukaniambia weka, mdogo wangu, hapa ni pako."