Antena ya Kumfikia Roelfien

Tangu Januari, Roelfien Zwiers hakumjua tena mumewe. Lammert aliingia chumbani kwake kila Jumapili saa nane mchana, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji, na Roelfien akamwita "bwana" na kumuuliza kama amekuja kutengeneza hita. Hilo Lammert alilimeza. Lililomshinda ni la asubuhi. Wauguzi wa nyumba ya wazee alikotunzwa mkewe walimwambia kuwa kila Jumapili ikigonga saa nne, mama huketi kitandani na redio yake ndogo, anazungusha kitufe cha stesheni mbele na nyuma, anamtafuta Lammert wake kwenye masafa ya tisini na nane nukta nne. Haambulii ila mkwaruzo. Basi hulia mpaka chakula cha mchana kinapoletwa.

Kwa miaka thelathini na sita Lammert alirusha matangazo bila kibali kutoka banda la ndama, kama walivyofanya nusu ya wakulima wa mkoa wa Drenthe, Uholanzi, watu ambao ukiwaambia kitu kimekatazwa wanakwenda kukitafutia waya na bomba. Alipiga polka na nyimbo za mapenzi, akatuma salamu kwa majirani, na Roelfien akasikiliza jikoni huku anamenya viazi. Kisha wakaguzi wa masafa wakaja, wakaangusha mlingoti, wakabeba mtambo, naye akaapa kuacha. Aliapa kwa dhati. Lakini ile habari ya machozi ilimnyima usingizi wiki nzima, na kiapo kikawa si kitu.

Binti yao, Jantien, alikuwa amejaribu kumchezea mama yake kaseti ya zamani yenye sauti ya baba. Roelfien alisikiliza kidogo, akasema, "Hiyo ni kaseti. Saa anayotaja siyo." Akili ilikuwa imemtoka kwa mengi, ila si kwa hilo.

Lammert akamwendea jirani yake Jans Boelens, fundi wa antena wa siku zote, aliyekuwa amemfichia kimtambo kidogo nyuma ya magunia ya mbegu.

"Tusimamishe fimbo moja, kama ya zamani," alisema Lammert.

"Fimbo moja inarusha pande zote. Wale wakaguzi wenye gari watakufikia kahawa yako haijapoa," alisema Jans. "Halafu hiki kina wati tano, mzee. Wati tano ukizimwaga pande zote, kila ng'ombe anapata kijiko kimoja. Kwa mama hakifiki kitu."

"Sasa?"

"Fimbo tatu kwenye boriti moja. Ya nyuma ndefu, ya mbele fupi, ya kati ndiyo inayolishwa waya. Nguvu yote inakwenda upande mmoja. Tunailenga dirishani kwake. Kilomita tisa, nchi tambarare, tutafika. Ila kijijini hakuna atakayesikia hata chafya yako."

"Kijiji sikitaki. Namtaka yeye."

Jans alikuwa amemfahamu miaka arobaini na hakuwahi kumsikia akisema neno la namna hiyo. Akakohoa, akatafuta futi kamba.

Walikata mabomba ya shaba ya hita kuukuu. Fimbo ya kati ilikuwa mita moja na nusu kasoro sentimita tano, ikagawanywa katikati, na waya ukaungwa hapo. Lammert alitaka kuzilaza fimbo, kama antena za televisheni zilivyolazwa juu ya mapaa.

"Redio ya mama fimbo yake imesimama au imelala?" Jans aliuliza.

"Imesimama."

"Basi na hizi zisimame, bwana. Na nguzo iwe ya mbao. Ukiweka ya chuma katikati yake itatuharibia kazi yote."

Kipimo kilionyesha nguvu nyingi inarudi mtamboni badala ya kwenda hewani. Wakashusha antena, wakapunguza milimita nne, wakapandisha, wakashusha tena. Siku nne walikuwa wakipanda na kushuka ngazi, wazee wawili wenye magoti mabovu, na Lammert alikuwa na furaha mpaka akajionea haya. Jumamosi Jantien akapiga simu kutoka kando ya kitanda, mama yake akiwa amelala. "Unasikika vizuri, baba. Safi kabisa."

Jumapili saa nne alifanya kila kitu kama zamani, neno kwa neno, kwa hofu kwamba Roelfien angegundua kasoro. Akataja saa. Akataja upepo wa magharibi. Akawasalimia watu wa darajani, Bertus wa matrekta, mjane wa duka la mikate, watu ambao hawakuwa wakisikia chochote, na wawili kati yao walikwisha kuzikwa. Ila mke wake mwenyewe Lammert hakumtumia salamu. Warushaji wa kule hawasalimii watu wa nyumbani kwao hewani. Huonekana ni majivuno, na mke yuko jikoni, atasalimiwa kahawa ikiletwa.

Simu ikalia. "Baba, amekujua," alisema Jantien. "Amesema, 'Huyo Lammert.' Ameacha kuzungusha."

Lammert akaweka santuri ndefu kuliko zote, akalia waziwazi pale kwenye banda la ndama.

Saa nane alifika na keki. Roelfien alikuwa kitini, macho makavu, redio imezimwa.

"Keti, bwana," alisema.

"Umesikiliza redio leo?"

"Nimemsikia mume wangu."

Lammert akaweka keki mezani. "Anaendeleaje?"

"Mzima. Hata mafua hana." Alikunja leso yake vizuri, pembe kwa pembe. "Mimi nilidhani amekufa. Miezi yote hii nilikuwa namlilia, nasema maskini Lammert, angekuwa hai angekuja. Kumbe yuko nyumbani anapiga santuri. Kawasalimia wote, mpaka yule wa mikate. Mimi hata jina hakunitaja."

"Roelfien. Ni mimi."

Alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea mlango, akamgusa mkono.

"Wewe ni mtu mwema. Hatujuani, lakini kila wiki unakuja. Yeye yuko hapo tu, kilomita tisa, na hajakanyaga hapa hata siku moja."

 Lammert alikata keki, akamwekea kipande kwenye sahani.

"Ukimwona," alisema Roelfien, "mwambie asijisumbue tena na redio yake. Mwambie nimeacha kumngoja."

"Nitamwambia," alisema Lammert.