Safari Iliyopangwa kwa Siri

Simu ililia wakati mikono ya Colombe Desrochers imejaa maganda ya matufaha. Akaibana sikioni kwa bega, kisu bado mkononi.

"Bi Desrochers? Gaudreau hapa, wa nyumba ya wageni kule ziwani. Samahani kwa usumbufu. Nahakikisha tu nafasi zenu za Oktoba, wikiendi ya Sikukuu ya Shukrani. Safari hii ni watu wawili, siyo watatu kama siku zote, au nimeandika vibaya?"

Colombe alikiweka kisu mezani.

"Wawili wepi hao?"

"Bi Lacasse na Bi Thériault. Ila namba ya simu iliyomo kitabuni ni yako bado, ndiyo maana nikapiga."

"Hukukosea," Colombe alisema polepole. "Ni wawili."

Alipokata simu alibaki amesimama, anatazama matufaha yaliyomenywa yakianza kubadilika rangi. Mwezi Agosti Huguette Lacasse alikuwa amemwambia kwa kinywa chake: mwaka huu hakuna safari, goti la Mireille linamsumbua. Naye Colombe akaamini. Akampelekea Mireille dawa ya kuchua, tena chupa kubwa.

Urafiki wao ulianzia kwenye viti vya baridi. Watoto wao walipokuwa wadogo walicheza hoki timu moja pale mjini Granby, na akina mama hawa watatu wakakaa bega kwa bega miaka nenda miaka rudi kando ya uwanja wa barafu, wakigawana blanketi moja na chupa moja ya kahawa. Watoto walipokua na kutawanyika, waliona wakikaa bure watapotezana. Ndipo wakajiwekea desturi: kila Oktoba, majani yakigeuka mekundu, siku tatu za baiskeli, moja yake ya mlima, na chakula cha kueleweka. Mireille Thériault alipanga njia na kilomita. Huguette aliendesha gari, baiskeli zimefungwa nyuma, akiimba vibaya njia nzima. Chakula kilikuwa himaya ya Colombe. Miaka kumi na tisa hawakukosa hata mara moja.

Mwaka wa kumi na tisa Colombe alianguka. Walikuwa wamefika katikati ya mlima alipohisi kana kwamba mtu mnene amemkalia kifuani, halafu hakuhisi kitu. Alizindukia hospitali ya Sherbrooke, ana kijibomba cha kuupanua mshipa wa moyo na mbavu zinauma kila akipumua. Majira yote ya baridi alifanya mazoezi aliyoagizwa. Kiangazi chote aliendesha baiskeli. Daktari mwenyewe alimwambia, mama, moyo huu sasa unataka kazi.

Akanawa mikono, akavaa kofia ya baiskeli, akatoka.

Mireille alikuwa kibarazani kwake, amepiga magoti mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, anapaka cheni mafuta. Alipomwona Colombe anaingia getini aliruka kama msichana wa miaka kumi na minane.

"Goti linaendeleaje, shoga?" Colombe aliuliza.

Mireille akajishika goti la kushoto. "Aa, bado linaumauma."

"Juzi lilikuwa la kulia."

Mireille akahamisha mkono hadi goti la kulia. Nyuma yake mlango ulifunguka, akatoka Huguette na vikombe viwili vya kahawa. Mezani, ramani ya njia za baiskeli ilikuwa imetandazwa, pembe zake zimegandamizwa kwa mawe.

"Umekuja kwa baiskeli?" Huguette alisema. "Kilima chote kile?"

"Sikuja kwa kubebwa. Gaudreau amenipigia. Kumbe nyinyi mnakwenda."

"Colombe, hebu keti kwanza…"

"Sikai! Mngeniambia tu. Mngesema, 'Colombe, wewe mgonjwa, kaa nyumbani.' Ningewatukana, ningelia, yangekwisha. Badala yake mnanificha kama mtoto anayefichwa sindano. Na dawa ya kuchua mkapokea!"

"Ile dawa nzuri lakini," Mireille alinong'ona. "Nimempaka mbwa."

Siku nyingine wangecheka. Huguette aliviweka vikombe chini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana, aliyebeba mifuko ya barua mlango kwa mlango miaka thelathini, na haikuwa kawaida yake kukwepa macho ya mtu.

"Usimlaumu huyu. Mimi ndiye niliyesema usiende. Na ukiniuliza leo nitasema vilevile."

"Daktari ameniruhusu."

"Daktari hakuwepo!" Huguette alisema kwa sauti iliyowashtua wote watatu, yeye mwenyewe akiwemo. Kisha akashuka ngazi, akafungua gari lake, akaondoka. Koti lake likabaki kwenye kiti.

Colombe alikuwa na hasira hata masikio yanawaka moto, lakini macho yake yalishaanza kutembea juu ya ramani, maana mazoea yana taabu.

"Na hii nini? Kilomita arobaini kabla ya chakula cha mchana?"

"Njia ya reli ya zamani, ni tambarare," Mireille alijitetea.

"Mtakula nini, upepo?"

"Tulifikiria sandwichi."

"Sandwichi! Mwezi wa bata na maboga na jibini mpya, nyinyi mnakwenda kula sandwichi!" Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Mireille, mikono imejaa mafuta ya cheni, akamkumbatia kwa viwiko.

Kesho yake Colombe alilipeleka koti. Alikuwa amelala vibaya, akijitungia maneno ya kumwambia Huguette, makali yote, mengine mazuri sana. Alimkuta uani anafagia majani kwa reki, lundo limemfika magotini.

"Koti lako."

"Asante."

"Sasa nataka unieleze kosa langu."

Huguette aliendelea kuvuta reki. "Huna kosa."

"Basi mbona unaniadhibu?"

Reki ikasimama. Huguette alitazama lundo la majani, si uso wa rafiki yake.

"Unajua mbavu zako zilivunjikaje?"

"Waliniambia hospitali. Ni kwa kukandamizwa kifua."

"Nani alikikandamiza?"

"Wewe. Najua. Nilikuletea keki…"

"Ulileta keki, ndiyo." Huguette akavuta pumzi. "Zilivunjika chini ya viganja vyangu, Colombe. Nilizisikia, kama kijiti kikavu. Nikajua nimekuvunja, na nikajua nikiacha umekufa. Mireille alikuwa ameshakimbia kutafuta mahali penye mtandao. Nilikuwa peke yangu. Nahesabu mpaka thelathini, nakupulizia, naanza tena. Midomo yako imekuwa ya buluu. Macho yako wazi, yananitazama, hayanioni. Dakika ishirini na tano mpaka waokoaji wanafika na mashine yao. Halafu wewe ukaamka ukaomba kahawa, watu wakakuletea maua. Mimi nikarudi nyumbani, nikaoga, nikaenda kununua maziwa."

Mwaka mzima Colombe alikuwa amewasimulia watu kisa cha kuanguka kwake, dukani, kanisani, kwenye mazoezi. Kilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake, na katikati palikuwa na giza tu ambalo hakuwahi kulijali, kwa kuwa yeye hakuwemo. Kumbe mwenzake ndimo alimobaki.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Mgonjwa ulikuwa wewe."

Penye ukuta wa banda palikuwa na reki ya pili. Colombe akaichukua. Wakafagia, huyu upande huu, huyu upande ule, mpaka majani yote yakawa lundo moja.

"Basi tusiende," Colombe alisema mwishowe. "Nilikuwa naona nimeachwa nje kama paka. Sikujua. Tukae nyumbani, nitapika."

"Lakini mimi nataka kwenda!" Huguette alifoka. "Hilo ndilo linaloniudhi. Nataka kwenda, nataka uje, na nikikuwazia unapanda baiskeli nazisikia tena mbavu zile. Nikamwambia Mireille twende wawili, nione kama nitaweza. Uongo wa goti nao ni wangu. Ulikuwa wa kijinga."

"Ulikuwa wa kijinga sana."

"Nimekubali, usinikanyage tena."

"Sema masharti yako," Colombe alisema.

Huguette alifikiri. "Vidonge vyako nibebe mimi, na wewe ubebe vingine. Kila saa moja tunapumzika. Mlima hapana."

"Nimekubali. Na mimi nina langu. Usinitazame kama maziwa jikoni, unangoja yachemke yamwagike."

"Hilo siahidi. Nitajaribu."

Jumatano walikaa wote watatu mbele ya ramani, na safari ile ikapangwa upya tangu mwanzo. Mireille alipigania kilomita zake kama mtu anayenyang'anywa shamba. Arobaini zikawa ishirini na tano. Colombe akaweka kituo cha supu ya njegere kwa mama mmoja aliyekuwa akipika karibu na daraja la mbao, kisha bustani ya matufaha ambako mtu aliyeshiba hashindwi kufika.

"Hapa tunapanda na upepo usoni," Mireille alionya.

"Ndiyo maana supu inatangulia."

"Na vituo hivi vyote? Mpira wa baiskeli ukipasuka, mimi niuzibe saa ngapi?"

"Utauziba sisi tukila," Huguette alisema, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya Gaudreau walicheka pamoja. Colombe mwenyewe alimpigia Gaudreau: watu watatu, na bata wa Jumamosi asisahau.

Siku ya kwanza, Ijumaa, ilikwenda vizuri. Jua lilikuwepo, njia ilikuwa kavu, majani yanapasuka chini ya magurudumu. Huguette aliendesha nyuma ya Colombe, na kila mteremko ulipokwisha alimuuliza, "Uko sawa?" Mara ya tisa Colombe alimjibu bila kugeuka, "Mimi niko sawa, wewe uko sawa?" Swali halikurudi mpaka darajani.

Jumamosi asubuhi, wakiwa bado kwenye mikate na sharubati tamu ya utomvu wa mti, ile nzito kama asali, Huguette alisema, "Nataka kwenda pale."

Mireille aliacha kutafuna. "Pale wapi?"

"Pale. Siyo kileleni. Pale tu, kisha tushuke."

Colombe alimtazama. Sharti la mlima lilikuwa la Huguette, naye ndiye wa kulivunja. "Twende," alisema. "Polepole, maana nimekula sana."

Walitembea kama watu wanaosindikiza arusi, hatua kumi, kituo. Wapandaji vijana waliwapita wakiwasalimu. Huguette alitangulia, anatazama kulia, anatazama kushoto, mara anasimama anasema ni hapa, kisha anasema hapana. Hatimaye walifika mahali njia inapojikunja, penye mti uliogawanyika mashina mawili. Huguette akasimama.

Juu ya jiwe bapa chini ya mti ule walikuwa wamekaa bwana na bibi wa makamo na mbwa wao wa kahawia, wanakula chipsi za pakiti.

"Karibuni, tutasogea," bwana yule alisema, akasogea.

Huguette akakaa. Akagusa udongo kwa kiganja. Akasikiliza. Magari yalisikika yakipita barabarani huko chini, na mtu fulani alikuwa akimwita mtoto wake.

"Barabara iko karibu hivi?" aliuliza.

"Robo saa," alijibu bwana wa chipsi.

"Mimi nilijua ni mwisho wa dunia," Huguette alisema, na mwili wake mkubwa ukaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, bila kujifunika uso. Mbwa akaja akamwekea kidevu gotini. Wenye mbwa walitazamana, kisha yule bibi, bila kuuliza kitu, akamsogezea pakiti ya chipsi. Colombe alikaa upande wa pili, akamshika mkono. Huguette alivigeuza vidole vyake, akavifikisha kwenye kifundo cha mkono wa Colombe penye mshipa, akavituliza hapo. Colombe alimwacha ahesabu mapigo kadiri alivyotaka.

Walipomaliza, Mireille, aliyekuwa amesimama muda wote, alikohoa. "Sitaki kuharibu mambo. Ila kilele ni dakika arobaini tu kutoka hapa."

"Nenda wewe!" walimjibu kwa pamoja.

Akaenda kweli, akaenda mbio. Wao wawili walishuka wakishikana mikono penye mawe ya kuteleza, na haikujulikana nani anamshika nani. Jioni bata wa Gaudreau alikuja na matufaha na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya bata huyohuyo, kisha jibini, kisha pai. Huguette alimaliza yake, akahamia ya Colombe bila kuomba ruhusa. Mireille aliwaonyesha picha za kileleni, kumi na saba, zote ukungu mtupu.

Jumapili mvua ilinyesha. Gaudreau aliwashauri wasitoke, wakatoka. Walirudi kwa njia ya reli wamelowa chapachapa, matope mgongoni, Huguette anaimba mbele, na Mireille anamsihi anyamaze awahurumie ndege. Walipofika kwa mama wa supu waliombwa wavue viatu mlangoni. Wakakaa karibu na jiko, soksi zinafuka mvuke, Mireille akakunjua ramani iliyolowa ili wazungumzie mwaka ujao. Ikachanika katikati. Huguette alitaka kwenda kwenye Mto Saint-Laurent, waone nyangumi. Mireille alitaka milima mirefu zaidi. Colombe akawauliza huko watakula nini.