Droni Juu ya Mpunga

Mume wangu Beatus anaipenda droni yake kuliko anavyopenda chakula, nami nimeshamwambia hivyo usoni. Siku ile tulikuwa tumeanika mpunga nje ya nyumba yetu, hapa Mchombe. Yeye akaona turubai letu ndilo mahali pekee pasipo vumbi. Akausogeza mpunga kwa mguu, akairushia pale pale.

"Si ulifundishwa usirushe penye watu?" nikamuuliza.

"Siendi mbali, Mama Brigitha. Naiona muda wote."

Akashika njia ya mfereji, akiwafuata yangeyange waliotua majarubani. Mimi nikaenda kisimani, ng'ambo ya barabara. Nikiwa navuta maji nikamwona Beatus anapotelea nyuma ya migomba na rimoti yake. Mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba droni ikikosa mawasiliano na rimoti hurudi yenyewe, ikashuka pale iliporukia. Haiulizi nani amekaa hapo.

Na hapo alikuwa amekaa Brigitha, binti yetu wa miaka minne, na fimbo yake ya kufukuzia kuku. Nilimweka mimi. Nilimwambia chochote kikija kwenye mpunga akipige, na asibanduke.

Nikausikia mlio. Droni ilipita juu ya paa, ikasimama hewani, ikaanza kushuka taratibu. Niliacha ndoo nikakimbia.

"Brigitha, toka hapo. Kimbia, mwanangu."

Hakukimbia. Mpunga ulikuwa umeanza kurukaruka kwa upepo wa kile kitu, naye akasimama, akafumba jicho moja kwa vumbi, akainua fimbo. Sijawahi kuuchukia utii wa mtoto kama nilivyouchukia saa ile.

Fimbo ikagonga. Mapanga yake yanayozunguka yakalia, droni ikapinduka, ikazungukazunguka kwenye mpunga hadi ikanyamaza. Nilipofika nilimkuta mtoto amesimama wima, mkono mmoja kauficha mgongoni.

Beatus naye akatokea mbio, rimoti mkononi, jasho linamtiririka. Brigitha alipomwona akarudi nyuma kidogo.

"Shikamoo, baba," akasema. "Nisamehe, nimeivunja."

Beatus alikuwa akitazama mpunga ulio nyuma ya visigino vya mtoto, ambako damu ilikuwa inadondoka tone kwa tone.