Hezekia Alivyomkaribisha Mkwewe

Kabla kampuni haijauzwa, Hezekia aliipenda kazi yake ya kaunta katika supamaketi ya Tabasamu, Lushoto mjini. Asubuhi walikunywa chai pamoja, wakataniana, na mteja akiingia waliulizana habari za nyumbani na za shamba. Wenye mali wapya wakaleta bosi mpya, Clemence, kijana wa kufunga tai hata kwenye ukungu. Chai ikafutwa. Utani ukaitwa utovu wa nidhamu. Salamu nazo zikapigwa marufuku: kila anayeingia, mtoto kwa mzee, aambiwe kwanza, "Karibu Tabasamu, nyumbani kwa bei nafuu!" tena meno yaonekane.

Hezekia aliwaapia wenzake kwamba upuuzi huo hautatoka kinywani mwake labda wamzike kwanza. Haikupita wiki, yeye ndiye akawa anaupaza kuliko wote. Alijifariji kwamba anafanya mzaha.

Siku ya soko akaingia mama mmoja, kitenge begani, kikapu mkononi. Clemence alikuwa kasimama pembeni. Hezekia hata hakutazama vizuri, akakenua.

"Karibu Tabasamu, nyumbani kwa bei nafuu!"

Kumbe ni Bi Yusta, mama mzazi wa mkewe, katoka Mlalo. Bi Yusta akasubiri shikamoo. Haikuja. Mkwe mtu alikuwa ameganda, meno bado nje.

"Haya, nimekaribia," Bi Yusta akasema, akageuka, akatoka.

Hezekia akamkimbilia na aproni yake mpaka barabarani, akamwinamia mbele ya wauza plamu.

"Shikamoo mama! Nisamehe mwanao!"

"Marahaba. Nilidhani binti yangu kaolewa na redio."

Wauza plamu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Hezekia akarudi dukani amepania: leo anaacha kazi, na sababu zote atazitaja. Clemence akamwahi mlangoni, akampa mkono.

"Safi sana! Kumfuata mteja mpaka nje! Huo ndio moyo tunaoutaka. Kuanzia kesho utawafundisha wenzako."

"Asante, bosi," Hezekia akajisikia akisema.

Jioni alimsimulia mkewe, Esteria, jinsi alivyomkaripia bosi mpaka tai ikapinda. Esteria alimenya viazi vyake taratibu, akamwacha amalize.

"Hidaya wa kazini kwenu kanipigia," akasema. "Hongera ya ualimu."

Hezekia akatafuta kisu kingine, akaanza kumenya naye.